Ile herufi i kwenye karatasi za marehemu shemeji

Mume wa dada yangu alikuwa dereva wa shirika moja la kigeni hapa Kigoma. Gari lilipinduka njia ya Kasulu, hakupona. Mkataba wake wa kazi ulisomeka Ramadhani, kitambulisho cha taifa Ramadhan, na cheti cha kifo kikafuata kitambulisho. Tulipodai fidia, hiyo i ya mwisho ilitula miezi saba ya "njoo wiki ijayo", mimi na bahasha yangu ya kaki, mpaka wakili alipotuandikia hati ya kiapo kwamba hao wawili ni mtu mmoja.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya mama mmoja muuza mawese soko la Mwanga. Kijana wake amepata kazi ya ulinzi kwenye ubalozi Dar. "Mwanangu, wewe umehangaika na fidia. Likitokea kama lile la bomu, wenyewe wanalipaga?"

Wanalipa, mama, ila sikiliza. Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani Dar es Salaam ulipolipuliwa, walikufa watu 11, na hakuna Mmarekani hata mmoja kati yao. Nairobi, asubuhi hiyohiyo, walikufa zaidi ya 200. Kesi dhidi ya Sudan, iliyodaiwa kuwahifadhi al-Qaeda waliolipua, ilifunguliwa Washington mwaka 2001. Mwaka 2014 mahakama ilitaja fidia ya zaidi ya dola bilioni 10. Mwaka 2020 Sudan na Marekani wakamalizana kwa milioni 335. Miaka 22! Mtoto aliyekuwa tumboni siku ile alikuwa ameshamaliza shule. Tena hawakupimiwa kibaba kimoja: familia ya mfanyakazi Mmarekani aliyeuawa Nairobi ilipangiwa takriban dola milioni 10, ya mwenyeji 800,000. Mimi hilo hadi leo halinishuki.

Kuna jambo lingine wengi hawalijui. Sheria ya Marekani iliyotumika kwenye kesi hiyo ilimfungulia mlango mgeni aliyekuwa mwajiriwa wa serikali yao, au aliyefanya kazi kwa mkandarasi wake. Asiye raia wao aliyekuwa anajipitia tu barabarani, mlango huo haukumhusu. Kwa hiyo mlinzi anayelipwa na kampuni lazima nyumbani kwake kuwe na karatasi inayoonyesha alikuwa analinda geti la nani. Mkataba, hati za mshahara, hata nakala ya kitambulisho cha kazi. Visikae Dar kwenye begi lake. Vikae kwa mama au kwa mke.

Vyeti vya kuzaliwa vya watoto navyo visingoje msiba.

Halafu mirathi. Dada yangu alikuwa ndani ya eda kikao cha ukoo kilipokaa. Alisikilizia nyuma ya pazia, akamsikia kaka wa marehemu akipendekezwa kuwa msimamizi, muhtasari ukasainiwa, chai ikaletwa. Shemeji yule si mwizi, nasema kweli. Lakini yuko Uvinza, ana watoto tisa, na kila karatasi ilibidi imfuate huko. Mke anaweza kuwa msimamizi, Mahakama ya Mwanzo haimkatazi. Kama ukoo unang'ang'ania mwanamume, ombeni wawe wawili. Na msimamizi anatakiwa kurudisha hesabu mahakamani ndani ya miezi 4, mwulizeni bila haya. Sisi tuliona haya.

Yule mama alinipigia jana jioni. Jina la kijana liko sawa kote, amelikagua herufi kwa herufi na mjukuu wake. Tatizo ni mkwewe: ndoa ilifungwa Ujiji, cheti hawakuchukua, na shehe aliyewafungisha ameshafariki. Kesho tunaenda kuwatafuta mashahidi wawili waliokuwepo. Mmoja ni mvuvi, itabidi tuwahi kabla hajaingia ziwani.