Mayai ya kutotolesha: nioshe au nisioshe?

SWALI: Habari za kazi. Nafuga kuku wa kienyeji na nina inkubeta ndogo. Mayai yangu mengi yanatoka na kinyesi, kwa hiyo huwa nayaloweka kwenye maji ya bomba na sabuni nayasugua mpaka yang'ae ndo naweka kwenye mashine, lakini mengi yanaoza, mengine yanapasukia humohumo ndani na harufu yake we acha tu. Tatizo ni mashine au jogoo?

JIBU: Nzuri ndugu yetu. Jogoo msamehe kwanza. Yai lisilo na mbegu mara nyingi linabaki jeupe tu ndani ukilimulika, hilo linalonuka na kupasuka limeingiwa na bakteria, na mlango umewafungulia wewe na beseni lako. Ganda lina vitundu maelfu, na kuku akitaga yai linatoka na utando mwembamba unaoviziba, sasa ukisugua unautoa, halafu yale maji ya baridi yanafanya vya ndani visinyae, yai linavuta maji kwa ndani pamoja na uchafu wote ulioyeyuka humo.

Yai safi usiliguse. Lenye doa dogo subiri likauke, chukua msasa laini ukwangue palepale penye doa basi, usizunguke yai zima. Lililopakaa kinyesi kila mahali au lenye ufa achana nalo, moja likipasuka linachafua trei nzima. Kama ni mayai adimu na huna jinsi, maji yawe ya moto kuliko yai lenyewe, nyuzi 40 hivi, pitisha haraka bila kuloweka, kisha yaache yakauke yenyewe.

Ila kusema ukweli kazi kubwa iko kwenye viota. Weka maranda makavu, badilisha yakichafuka, okota mayai mara tatu au nne kwa siku na usiku funga viota kuku wasilale humo maana hapo ndo wanaponyea. Ukiyahifadhi, ncha nyembamba iwe chini, sehemu yenye ubaridi wa nyuzi 15 mpaka 18, sio kwenye friji, na yasipite wiki. Kabla ya kuyapa nyuzi 37.5 za mashine yaache masaa kadhaa yazoee joto la chumba, la sivyo yatatoa jasho na ule unyevu nao unaingiza bakteria.

Na hiyo inkubeta iliyopasukiwa na mayai, ioshe na dawa ya kuua vijidudu ikauke kabisa ndo uweke mengine.