Jibu: Tuezeke kwanza au tusubiri umeme wa jua?

Habari za leo, Mwalimu. Umeuliza kama kamati yenu huko Singida inaweza kuezeka madarasa manne sasa na kufunga umeme wa jua baadaye, fedha zikipatikana. Inawezekana, ila kabla fundi hajapandisha kenchi kagueni kwanza mwelekeo wa paa: kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta, paneli hutazama kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hivi, na kivuli cha mwembe mmoja saa nane mchana hupunguza umeme kwa kiasi kikubwa. Kisha lazeni mabomba ya nyaya ukutani kabla ya lipu. Shuleni kwetu tulilisahau hilo, fundi akatindua kuta mpya, na viraka vyake vinaonekana hadi leo, jambo linaloniuma kila niingiapo darasani.

Kuhusu betri, taa 6 za wati 9 kwa kila darasa, zikiwaka saa 4 za kujisomea, zitakula wati-saa 864 kwa madarasa yote. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 200, yaani wati-saa 2,400 (12 mara 200), itazihimili bila chaji yake kushuka chini ya nusu. Itengeeni chumba chenye matundu ya kupitisha hewa, kinachofungwa kwa kufuli.