Kazi Nitaionyesha, Mguu Sitaki

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanamke wa Mikindani, Mtwara, niliyekatwa mguu chini ya goti baada ya ajali ya pikipiki. Ninatengeneza sanaa ya kuunganisha vitu: mguu bandia wangu wa kwanza uliochakaa, mbao za mashua kuukuu, vipande vya nyavu, maganda ya korosho na kanga. Humo nimo mimi mzima, pamoja na jambo wasilolijua nyumbani, kwamba ninampenda mwanamke mwenzangu. Mwandaaji mmoja wa maonyesho amezikubali kazi zangu, lakini anataka nisimame kando ya kazi hizo bila mguu bandia, na maelezo ya ukutani yasimulie maisha yangu yote ili watu waguswe. Je, nikikataa nitakuwa ninaisaliti kazi yangu?

JIBU: Dada yangu, kataa, wala usiombe radhi. Katika sanaa ya namna hii, uamuzi wa kipi kiingie na kipi kibaki nje ndio kazi yenyewe. Ulipoufunga mguu ule kwenye ubao wa mashua, uliamua wewe. Sasa mtu mwingine anataka kuongeza kipande ambacho hukukiweka, nacho ni mwili wako ulio hai.

Mchoraji Frida Kahlo wa Meksiko, aliyewapenda wanaume na wanawake, alichora picha juu ya koseti za plasta alizofungwa mwilini, na mwaka 1953 alifika kwenye maonyesho yake akiwa amelala kitandani. Mwaka huohuo alikatwa mguu, na mguu bandia wake aliuvalisha buti jekundu lililotariziwa. Aliyaonyesha hayo kwa hiari yake, na hapo ndipo penye tofauti. Kwetu huku, George Lilanga, Mmakonde mzaliwa wa Masasi, alikatwa miguu yote miwili kwa sababu ya kisukari akaendelea kufanya kazi, na watu walizinunua picha zake kwa sababu ya mashetani aliowachora, wenye masikio makubwa na vicheko.

Tena Wamakonde walikuwa wakiunganisha vitu kabla Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York halijafanya maonyesho makubwa ya sanaa hii mwaka 1961. Itazame kwa karibu barakoa ya mapiko, ngoma yao ya barakoa: mti mwepesi uliochongwa uso, nywele halisi za binadamu zikabandikwa kichwani, na chale za usoni zikatengenezwa kwa nta. Kuna pia barakoa ya kiwiliwili, yenye matiti na tumbo la mjamzito, ambayo mchezaji mwanamume huivaa kifuani. Ninaitaja kwa sababu mchezaji huyo hutazamwa na kijiji kizima katika mwili aliouvaa, na wake mwenyewe haufunuliwi.

Kuhusu mapenzi yako, kazi inaweza kuyabeba yote bila ukuta kuyatangaza. Sheria za nchi yetu zina adhabu kali kwa mahusiano ya jinsia moja, na atakayebeba athari za maneno hayo ni wewe na mwenzako, mwandaaji hatabeba chochote. Mruhusu aandike jina la kazi, mwaka na vitu vilivyotumika. Jina lako laweza kuwa la kisanii.

Nina wasiwasi na maganda ya korosho. Yakiwa mabichi yana mafuta yanayochoma na kubabua ngozi, kama wabanguaji wajuavyo, kwa hiyo vaa glovu, na yasiguse kabisa kigutu wala soksi ya mguu bandia, maana kidonda mahali hapo kitakuzuia kuuvaa kwa muda mrefu.

Mwandikie mwandaaji masharti yako, naye atie saini: kazi zipi zinaonyeshwa, maneno gani yanawekwa ukutani, na kwamba hakuna atakayekupiga picha bila idhini yako. Dai kiti na njia isiyo na ngazi, kwa kuwa hiyo ni haki yako chini ya Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Akikataa kutia saini, zichukue kazi zako urudi nazo Mikindani.