Ukuta wa magharibi ndio unaokula umeme

SWALI: Shikamoo fundi. Tunataka kupaka upya nyumba yetu kwa nje na hatuelewani. Mume wangu kapenda kijivu iliyokoza, karibu na nyeusi, kwa sababu ndiyo anayoiona kwenye nyumba mpya. Mimi naogopa joto. Chumba chetu kimeelekea magharibi, na kiyoyozi hakizimwi mpaka usiku wa manane. Je, rangi ya nje inagusa kweli bili ya umeme, au ni maneno ya wauza rangi? – Mama wa Watatu

JIBU: Marahaba, mama. Inagusa, na kwa chumba chenu inagusa sana.

Ukuta mweusi humeza zaidi ya asilimia 90 ya jua linaloupiga. Mweupe safi hurudisha kama asilimia 80. Kijivu anayoitaka mzee iko jirani kabisa na nyeusi. Sasa, tofali na zege havipitishi joto papo hapo, hulibeba polepole. Jua la saa tisa alasiri linakuja kutokea upande wa ndani wakati mmeshakula na mnajiandaa kulala. Leo saa mbili usiku weka kiganja kwenye ukuta huo kwa ndani, kisha uweke kwenye ukuta ambao haukupigwa na jua. Utajua mara moja kiyoyozi kinapambana na nini.

Kwenye kadi ya rangi, au karatasi ya maelezo ya kiwandani, tafuteni namba iliyoandikwa LRV, yaani kipimo cha mwanga ambao rangi inaurudisha. Inaanzia 0, ambayo ni weusi mtupu, hadi 100, ambayo ni weupe mtupu. Kwa ukuta unaochomwa na jua mimi sishuki chini ya 60. Si lazima iwe nyeupe pe, maana nyeupe hiyo huumiza macho na kumtupia jirani mwanga dirishani. Krimu na rangi ya ganda la yai zinafanya kazi nzuri, na vumbi halionekani haraka.

Namba hiyo hupima mwanga tunaouona tu, na karibu nusu ya nguvu ya jua huja kwa miale tusiyoiona. Ndiyo maana viwanda hutengeneza rangi za kukinga joto: macho yanaona kijivu, lakini miale ile isiyoonekana inarudishwa. Mzee akishikilia msimamo, basi anunue ya aina hiyo, na aulize inarudisha asilimia ngapi ya jua lote, si mwanga peke yake. Hata hivyo haitaifikia krimu ya kawaida.

Kabla hamjanunua ndoo, pakeni vipande viwili vya ubao mikono miwili miwili, kimoja kijivu, kingine krimu. Viegemezeni kwenye ukuta wa magharibi tangu adhuhuri. Saa kumi mwite mume wako avishike vyote viwili. Nimeona mabishano marefu yakiishia hapo.

Na kijivu yake msiitupe. Ipelekeni kwenye ukuta ulio chini ya kibaraza, kwenye nguzo za kivulini, kwenye fremu. Jua lisikofika, rangi haina la kufanya. Kuta za mashariki na magharibi, hasa mkiwa karibu na ikweta, zipewe rangi hafifu bila kujadiliana. Mwambie pia kwamba rangi iliyokoza juani huutanua ukuta mchana na kuuachia ujikunyate usiku. Nyufa ndogo zikianza, maji huingia na rangi huanza kuvimba.

Wanaoishi kwenye baridi na kulipia joto badala ya ubaridi, hesabu yao ni tofauti, ingawa jua la majira ya baridi ni fupi na dhaifu, hivyo faida ya ukuta mweusi ni ndogo. Vilevile ukuta wenye tabaka nene la kuzuia joto hautegemei sana rangi.

SWALI: Fundi, paa langu ni bati tupu linalong'aa. Si linarudisha jua lenyewe? Kuna haja gani ya kulipaka?

JIBU: Linarudisha kiasi, ndugu yangu, ila kile kidogo linachokimeza linakishikilia. Chuma kitupu hutoa joto lake angani kwa shida mno. Rangi ya kawaida, iwe nyeupe au nyeusi, hulitoa kwa kiwango cha karibu asilimia 90. Ukipaka nyeupe unafaidika mara mbili. Mji wa New York ulianzisha mpango wa kupaka mapaa rangi nyeupe mwaka 2009, na wewe kama bajeti ni ya sehemu moja tu, anza na paa kabla ya kuta, kwa sababu ndilo linalobeba jua la utosini.

Osha bati kwa sabuni mpaka mafuta yatoke, kisha weka praima ya mabati ya zinki. Ukipaka rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya zinki itabanduka maganda. Anza asubuhi umande ukishakauka, uache kabla bati halijawa la moto, maana rangi hukauka juujuu kabla ya kushika. Kama unakinga maji ya mvua ya kunywa, chagua rangi iliyoandikwa kuwa ni salama kwa maji hayo, na mvua za kwanza ziache zimwagike chini.