Mbona bado natembea na pasipoti ya Tanzania

Shangazi, shikamoo. Umeuliza kwenye kundi la familia: mtoto wetu ameoa Mthai, amezaa naye, anakula na kulala Chanthaburi, mji wa biashara ya vito Thailand, mbona uraia hajachukua? Nakujibu bila kupamba, maana najua na vijana wa Mirerani wanaotaka kuja huku na mawe yao wanasikiliza.

Huku pasipoti ni karatasi ya mwisho kabisa. Ya kwanza ni daftari la nyumba, linaloandikwa wanaoishi humo: la buluu kwa Wathai, la njano kwa wageni kama mimi. Mtoto akizaliwa anaandikishwa ndani ya siku 15, anapata namba ya tarakimu 13, akitimiza miaka 7 anapewa kitambulisho. Mwanangu anayo namba hiyo kwa sababu mama yake ni Mthai. Kuzaliwa kwenye ardhi ya Thailand peke yake kusingemsaidia kitu.

Mimi ninalo daftari la njano na kadi ya pinki. Rangi zinapendeza, lakini zinathibitisha tu ninakoishi. Ardhi sinunui, kura sipigi, na kila baada ya siku 90 naripoti uhamiaji kwamba nipo palepale. Viza ya ndoa nayo inataka niwe na baht 400,000 benki, au kipato cha 40,000 kwa mwezi. Mke mgeni wa Mthai ana njia yake nyepesi kidogo kisheria. Sisi wanaume tunaulizwa kibali cha kazi, kodi na mshahara kwanza.

Tena mimi nina kwetu. Kule milimani kaskazini kuna watu wa makabila ya Waakha na Walahu waliozeeka bila uraia wowote. Mnawakumbuka wale watoto wa mpira walionasa pangoni Tham Luang mwaka 2018? Watatu kati yao, pamoja na kocha, hawakuwa raia wa nchi yoyote. Walipewa uraia baada ya kuokolewa, dunia nzima ikitazama. Mwaka 2024 serikali ndiyo ikaidhinisha kuharakisha maombi ya watu wapatao 480,000 wa namna hiyo.

Halafu, shangazi, nikiapa kuwa raia wa huku, Tanzania inanifuta, kwa kuwa mtu mzima haruhusiwi uraia wa nchi mbili. Shamba la babu nitalisimamia kama nani?

Na huyo dalali anayewaambia vijana kwamba ukioa tu unapewa pasipoti, mwambieni awaonyeshe daftari lake kwanza, waone ni la rangi gani.