Mchanga wa wenzetu na mchanga wetu: maswali yenu kuhusu fuo za bahari

Safari hii maswali ni ya fuo: za kwetu tangu Shanzu hadi Tiwi, na za ng'ambo nilizozikanyaga miaka niliyofanya kazi melini. Mengi yameletwa kwa sauti ya chini kwa kuwa yahusu nguo, au kutokuwa na nguo. Nimeyapokea yote. Mtu huuliza ili ajue, na hakuna aibu katika kujua.

Mjomba, katika fuo zote ulizofika duniani, upi umekukaa moyoni? (Kijana wa Kisauni)

Tiwi, mwanangu. Na sisemi hivyo kwa kuwa ni kwetu.

Nimeiona Copacabana, kilomita nne za mchanga na mji wa Rio umesimama nyuma yake kama ukuta. Nimeiona Anse Source d'Argent katika kisiwa cha La Digue, Ushelisheli, ambako mawe ya matale makubwa kama nyumba yamelainishwa na mvua na upepo mpaka yanaonekana kama migongo ya wanyama waliolala. Ule ndio ufuo mzuri zaidi kwa macho niliowahi kuuona. Lakini kuuona ni jambo moja na kukaa ni jambo jingine. Pale nilikuwa mtazamaji: nimelipa kiingilio, nimepita, nimeondoka.

Tiwi nakaa. Maji yakipwa, mwambani hubaki vidimbwi vya maji ya uvuguvugu, na mtoto mdogo anaweza kuketi ndani yake na mama yake pembeni. Ukienda kusini mpaka mto Mwachema unapoingia baharini, ng'ambo ya mto kuna msikiti wa Kongo chini ya mibuyu, mkongwe, na bado watu wanauswalia. Nimekaa pale baada ya alasiri nikitazama ngalawa zikirudi, na sikuhitaji kitu kingine chochote duniani.

Ila kuna jambo moja ambalo ningeliiba kutoka Bondi, kule Sydney, nilete Pirates, ufuo wetu wa umma wa Mombasa. Bondi ina urefu wa kama kilomita moja tu, na bahari yake ni kali kuliko yetu, haina mwamba wa kuikinga. Lakini kuna waokoaji, na kuna bendera za nyekundu na njano zinazochomekwa mchangani kila siku. Unaoga baina ya bendera mbili, basi. Hata mtoto wa chekechea analijua hilo. Kwetu siku ya Idi na ya mwaka mpya watu hujaa Pirates mpaka mchanga hauonekani, wengi wametoka bara na hawajui kuogelea, na kila mara mzazi mmoja huzunguka akilia akitafuta mwanawe. Bendera ni kitambaa na mti. Hili linaniuma.

Mpwa wangu aliye ng'ambo ameniambia kuna fuo ambako watu hawavai kitu chochote, na serikali inajua. Ni kweli au anataka kunishtua? (Mama wa Changamwe)

Ni kweli, dada yangu, na hakukudanganya hata kidogo.

Wajerumani ndio walioanza kulifanya jambo hili kuwa desturi yenye jina, tangu mwishoni mwa karne ya 19. Waliita utamaduni wa mwili huru, kwa Kijerumani Freikörperkultur, na fikra yao ilikuwa ya afya: jua, hewa na maji vimguse mtu bila kizuizi. Hadi leo kwenye pwani ya Baltiki utaona kibao chenye herufi FKK, na kila Mjerumani anajua maana yake. Ufaransa iko Cap d'Agde, kusini, ambako si ufuo peke yake bali ni kijiji kizima: watu huenda dukani kununua mkate jinsi walivyozaliwa. Brighton kule Uingereza ilitenga sehemu yake mwaka 1980. Ufuo wa Haulover, karibu na Miami, una kipande kilichoruhusiwa tangu 1991, na waokoaji wapo kama kawaida. Vancouver iko Wreck Beach, chini ya chuo kikuu, unashuka ngazi mamia mpaka magoti yanalia.

Mimi niliuona wa Maslin, kusini ya Adelaide, ambao mwaka 1975 ulikuwa wa kwanza kuruhusiwa kisheria Australia. Meli yetu ilikuwa bandarini, na mwenzangu mmoja akanichukua bila kunieleza vizuri tunakokwenda. Ni ufuo wa ajabu kwa uzuri: majabali ya rangi ya machungwa na nyeupe yamesimama juu ya maji. Tukatembea mpaka kwenye kibao kinachosema kuanzia hapa nguo ni hiari. Nikasimama. Mzee mmoja alikuwa akitoka upande wa pili, amejifunga taulo kiunoni, umri wa babu yangu. Akaniona nimekwama, akanisalimu kwa upole, akaniambia: hapa halazimishwi mtu, avuae na asiyevua ni sawa, linalokatazwa ni kukodoa macho na kupiga picha. Kisha akaenda zake garini kwa mkewe.

Sikuvuka kile kibao. Mimi ni Muislamu na uchi wangu una mipaka yake. Lakini niliondoka nikiwa nimeacha dhana niliyokuja nayo, kwamba pale ni mahali pa ufisadi. Mahali pa ufisadi pako duniani, na huwa na mlango na giza. Pale palikuwa na wazee wenye taulo na chupa za chai. Sheria ya kwao imewapa mahali pao, wameweka kibao ili asiyetaka asijikute humo, na wanaadhibiana wenyewe wakivunjiana heshima. Msimamo wangu haukubadilika, ila nikiuzungumza sasa siwazulii watu uongo.

Mimi ni mhudumu wa hoteli. Mgeni aniuliza wapi Mombasa anaweza kuota jua bila nguo. Nimjibu nini bila kumkera? (Kaka wa Bamburi)

Mjibu kwamba hakuna. Kwa sauti ya kawaida, bila kucheka na bila kukunja uso.

Kenya haina ufuo wowote uliotengwa kwa ajili hiyo, na sheria ya makosa ya jinai yakataza kitendo cha aibu hadharani. Asikudanganye mtu kwamba mbele ya hoteli ni mahali pa faragha. Mbele ya hoteli hupita wavuvi wakienda mitegoni, hupita watoto wa madrasa, hupita mama na ndoo ya mahamri. Ule ni mtaa wao.

Lakini usimwachie mgeni neno "hapana" peke yake. Mpe njia. Mwambie vazi la kuogelea ni sawa majini na mchangani, na akiinuka kwenda dukani au kupanda matatu ajifunge kikoi au leso. Kikoi kimoja chamaliza matatizo yote. Wengi wao hawana nia mbaya, wametoka mahali ambapo jambo lile ni halali, na hakuna aliyewaambia. Mgeni aliyeambiwa mapema hushukuru. Anayekasirika ni yule aliyeachwa mpaka akazomewa.

Na hapa niseme nililojifunza Maslin. Mzee yule alinieleza desturi ya kwake kwa heshima, akanipa nafasi ya kuamua. Nasi tuna haki ileile ya kueleza yetu, na wajibu uleule wa kuieleza kwa heshima.

Naenda Marseille kumfuata mume wangu. Mimi huogelea nimejisitiri mwili mzima. Nimesikia Ufaransa polisi huwatoa wanawake ufuoni. Nitaweza kuoga baharini? (Bibi harusi wa Majengo)

Utaweza, inshallah.

Ulilolisikia lilitokea kiangazi cha 2016. Miji kadhaa ya pwani ya Ufaransa, Cannes ikiwamo, ilipiga marufuku burkini, vazi la kuogelea linalositiri mwili mzima, mchangani. Tarehe 26 Agosti mwaka huohuo mahakama yao ya juu ya mambo ya utawala ikasimamisha marufuku ya mji wa Villeneuve-Loubet, ikisema meya hawezi kumnyima mtu uhuru wake kama hakuna hatari ya kweli kwa usalama. Baharini basi uko salama kisheria. Mabwawa ya kuogelea ya manispaa ni habari nyingine: mwaka 2022 mahakama hiyohiyo iliuzuia mji wa Grenoble ulipotaka kuyaruhusu mavazi hayo. Kwa hivyo uliza kabla ya kulipa tikiti ya bwawa.

Nakiri jambo hili lilinichoma wakati ule. Nchi ambayo Cap d'Agde mtu ananunua mkate uchi, Cannes mwanamke afukuzwe kwa kuvaa. Anayetetea uhuru wa kuvua bila kutetea uhuru wa kujisitiri hajautetea uhuru bado.

Sasa neno langu kubwa kwako, na kwa dada zangu wote wanaosoma. Usiogelee na dera. Usiogelee na buibui. Najua tunavyofanya Mama Ngina na Pirates, tunaingia na nguo zilezile tulizokuja nazo. Kitambaa kile hunywa maji, kikawa kizito, kikajizungusha miguuni. Maji yakifika kifuani huwezi tena kupiga mguu, na wimbi dogo tu latosha kukuangusha. Burkini, iliyobuniwa Australia mwaka 2004 na Aheda Zanetti, ilishonwa kwa kitambaa cha vazi la kuogelea kwa sababu hiyo hasa: haishiki maji na haikufungi. Kama huna, vaa suruali ya kubana na fulana ya mikono mirefu inayobana, mtandio uufunge nyuma ya shingo usining'inie. Ukiwa na dera, maji yakomee magotini.

Nimepata kazi Cape Town. Kweli kuna ufuo wa uchi huko, na bahari ni kama yetu? (Msomaji wa Likoni)

Uko, waitwa Sandy Bay, karibu na Llandudno. Unafikiwa kwa miguu kupitia kijia, na watu wamezoea kuvua huko kwa miaka mingi kwa mazoea tu, si kwa kibao cha serikali kama Maslin. Ukitembea upande ule usije ukashtuka.

Bahari si kama yetu hata kidogo. Upande wa Atlantiki mkondo wa Benguela huleta maji ya baridi kutoka kusini. Ukitia mguu utafikiri umekanyaga barafu. Wewe wa Likoni nenda Muizenberg, upande wa False Bay, ambako maji yana nafuu. Ukipata siku, pita Boulders, Simon's Town, ukawaone pengwini wakitembea mchangani baina ya watu.

Tulitandika mkeka mchangani, askari wa hoteli akatufukuza akisema ufuo ni wa wageni wao. Ana haki? (Baba wa watoto wanne, Mtopanga)

Hana. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, imeitaja ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Mchanga unaofunikwa na maji na kufunuliwa ni wako, ni wangu, ni wa wanao wanne. Yamkini hoteli ina haki juu ya bustani yake, vitanda vyake na ngazi zake. Ukikaa chini ya alama ya maji kujaa, umekaa kwako.

Yamenipata hayo nikiwa na wajukuu. Tulihamisha mkeka hatua kumi kuelekea majini, tukaketi, nikamweleza askari kifungu kile taratibu. Alikuwa kijana wa watu, analinda ugali wake. Hakurudi tena.

Wageni wangu wa Nakuru walifika Nyali saa nne asubuhi, bahari haipo! Walidhani nimewahadaa. Niwaeleze nini? (Dada wa Kongowea)

Waambie bahari imekwenda na itarudi saa kumi jioni.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kila badiliko huchukua saa sita na dakika kadhaa, na kila siku saa zake husogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na hapa kwetu tofauti hupita mita tatu. Baina ya hapo ni maji mafu, bahari haiendi mbali. Mtu aliyezoea fuo za Mediterania, ambako maji hayasogei ila kidogo, hushangaa kama hao wageni wako.

Kwa hivyo ukipanga siku ya bichi usianze na kalenda ya ofisini, anza na mwezi. Muulize mvuvi yeyote pale Nyali, atakwambia saa ya maji bila kufikiri.

Maji yakiwa yamekupwa wapeleke watembee, ila wavae viatu, kwa maana mwambani kuna viumbe vyeusi vya miiba mirefu, na samaki aitwaye taa hulala mchangani kwenye maji ya kifundo. Na wakiona maji yameanza kurudi kwenye mifereji nyuma yao, warudi wakati huohuo, wasingoje picha ya mwisho. Mfereji uliouruka kwa hatua moja ukienda, maji yake hukufikia kifuani ukirudi.

Kusi limeingia, mchanga wote umejaa majani ya bahari na yananuka. Nirudi lini kuoga? (Msomaji wa Mtwapa)

Yale majani hayana ubaya, kaa na wadudu wengine wa ufuoni hula humo, na huushika mchanga usichukuliwe. Oga maji yakijaa, yatakuwa yameyafunika. Au ngoja Kaskazi, kuanzia Desemba: bahari huwa safi, na mpaka Machi utaoga unavyotaka.