Saratani ya puru: ya kijana ni kali kuliko ya mzee?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 31 na ni mpagazi wa Mlima Kilimanjaro. Kwa miezi minane alitokwa na damu akienda haja kubwa, akawa ananunua dawa za bawasiri dukani, hadi alipogundulika kuwa na saratani ya puru iliyofika kwenye matezi. Ameambiwa aanze na mionzi na dawa. Baba yetu mkubwa aliugua saratani hiyohiyo akiwa na miaka 72, akafanyiwa upasuaji tu, akapona. Je, saratani ya kijana ni kali zaidi? (Msomaji, miaka 36, Sakina, Arusha)

JIBU: Marahaba, dada yangu, na pole sana kwa kuuguza. Puru ni sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, takriban sentimita 15 kutoka mlango wa haja kubwa kwenda juu. Ni kweli kwamba kwa vijana tunakuta mara nyingi zaidi uvimbe ambao seli zake hutoa ute mwingi, na aina hiyo huwahi kusambaa. Hata hivyo, kwa maoni yangu, kinachowaumiza zaidi vijana ni muda unaopotea. Mzee wa miaka 72 akisema anatokwa na damu, kila mtu hushtuka; kijana akisema hivyohivyo huambiwa ni bawasiri au amiba, na akianza kuishiwa pumzi kwa kupungukiwa damu, mpagazi husingizia mzigo na mlima.

Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Mgonjwa hulala kwa ubavu wa kushoto, magoti yakiwa yamekunjwa, na daktari aliyevaa glavu yenye mafuta humpima kwa kidole. Bawasiri ya ndani ni laini, na kwa kawaida kidole hakiihisi kabisa. Uvimbe wa saratani ni mgumu, una kingo zilizoinuka, na mara nyingi glavu hutoka na damu. Si kila uvimbe unafikiwa na kidole, ndiyo maana damu isiyokoma huhitaji kipimo cha kamera hata kidole kisipohisi kitu. Inanisikitisha kwamba kijana anaweza kutumia dawa miezi minane bila mtu yeyote kumpima hivyo.

Matibabu ya mdogo wako yanatofautiana na ya baba yenu mkubwa hasa kwa sababu ya hatua ya ugonjwa. Saratani iliyogundulika mapema huweza kutosheka na upasuaji, lakini ikishafika kwenye matezi, mionzi na tibakemia (dawa za kuua seli za saratani) hutangulia ili kupunguza uvimbe na uwezekano wa kurudi nyongani. Tukilinganisha wagonjwa walio katika hatua moja, vijana kwa jumla hawapungukiwi na wazee katika kuishi, kwani moyo na figo zao huhimili dawa ambazo mzee mwenye kisukari au presha pengine angepunguziwa. Liko jambo moja la kijana ambalo mzee huwa halimsumbui: mionzi ya nyonga huweza kuharibu uzazi, na upasuaji huweza kugusa mishipa ya fahamu ya nguvu za kiume. Aulizie habari ya kuhifadhi mbegu kabla ya siku ya kwanza ya mionzi. Baadaye huwa tumechelewa.

Sasa nije kwako, ingawa hukuuliza. Katika tafiti za nchi za Magharibi, karibu mgonjwa mmoja kati ya sita wa umri mdogo hukutwa na kasoro ya vinasaba ya kurithi, na katika familia yenu wameshaugua wawili. Marekani ilishusha umri wa uchunguzi wa kawaida kutoka miaka 50 hadi 45 mwaka 2021, lakini kanuni hiyo ni ya watu wasio na historia kama yenu. Ndugu wa tumbo moja huanza kupimwa miaka kumi kabla ya umri ambao mgonjwa aligundulika, yaani kwenu ni miaka 21, na wewe umeshaupita. Usisubiri dalili. Nenda ukaombe kipimo cha kamera cha utumbo mpana wote, na umweleze daktari waziwazi kwamba mdogo wako aligundulika akiwa na miaka 31.